Kuku Niliyemkataa

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msidhani mtu mzima hakosei. Mimi nilikosea kwa mdomo wangu mwenyewe, jikoni kwangu hapa Buruburu.

Wazazi wa kijana aliyetaka kumwoa mjukuu wangu, watu wa magharibi, walikuwa waje Jumamosi saa nne na nusu pamoja na mjomba wake. Nikapanga chakula chepesi, tule tukizungumza: chai ya maziwa, viazi vitamu, mayai, mandazi na maparachichi. Kila mtu ajipakulie.

"Shosho, na kuku?" mjukuu akaniuliza mimi nyanya yake.

"Kuku asubuhi? Unaolewa ama unafungua hoteli?"

Akacheka, akaendelea kumenya viazi. Alijua desturi ya kina mchumba wake, ila aliniogopa. Kwetu Ukambani, mgeni ukimpa chai na kitu cha kutafuna umemheshimu. Kwao, mkwe asiyechinjiwa kuku amefukuzwa.

Walikunywa chai tu. Viazi vilipoa hapo mezani. Mjomba akasimama, akavaa kofia.

"Asante kwa chai, mama. Tutarudi siku mtakayotukaribisha."

Nimetuma wazee kuomba msamaha mara mbili, wakarudi kimya. Juzi tukasikia kijana amepeleka wazazi wake nyumba nyingine. Mjukuu wangu akajifungia chumbani, na watu wa nyumba wakajaa mlangoni kumfariji.

Nikawaambia, "Tokeni hapo mlangoni. Mwacheni alie, na asiwepo wa kumwambia Mungu atampa mwingine."