Blanketi la Mama Kemilembe

Adventina wa Nyakasimbi ana sheria moja tu katika ushonaji, na ole wako umbishie. Kitambaa kinafuliwa kwanza, mkasi baadaye. Mengine atakuachia uamue mwenyewe: vipande vya mraba au vya pembe tatu, nyota katikati au mistari ya kukatiza. Atakushauri tu usiweke maua makubwa mawili ubavu kwa ubavu, maana yatagombana. Siku hizi wasichana humjia na picha kwenye simu, wakitaka blanketi la vipande kama waliloliona sijui wapi, naye hulitazama kwa jicho la pembeni na kusema anaweza. Na kweli anaweza. Ila kwenye kufua hapindi.

Sheria hiyo aliipata kwa aibu. Zamani aliwashonea maharusi wa Nyabiyonza blanketi la kitenge chekundu na shuka jeupe, bila kufua chochote. Walipolifua mara ya kwanza, wekundu ulichuja ukaenea kote, na kitenge kikarudi hadi mishono ikajikunyata. Bibi harusi alilileta akaliacha juu ya cherehani, akaenda zake. Afadhali angetukana. Tangu hapo hata kitambaa kipya cha dukani huanzia kwenye beseni.

Basi mwaka jana, kahawa ikiwa bado imeanikwa uani, alifika Placidia kutoka Isingiro. Walikuwa wamesoma kipaimara pamoja, na urafiki wao haukuwahi kulegea. Placidia alikuwa amemzika Kemilembe, binti yake wa pekee, aliyeondoka kwa homa ya siku chache. Kaburi lilikuwa pale pale kibanjani, nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Siku ya kumaliza msiba, nguo za marehemu zilipaswa kugawiwa ndugu, kama ilivyo desturi. Placidia alizikalia. Shangazi za binti walirudi makwao mikono mitupu, na midomo yao haikupumzika.

"Karibu, Mama Kemilembe," Adventina alisema, kisha akajuta kulitamka jina hilo. Lakini angemwitaje tena?

Placidia aliweka chini mfuko wa nailoni uliofungwa kwa fundo juu ya fundo. Adventina aliona ni uangalifu wa kuzuia panya na mende.

"Nishonee blanketi la kujifunika. Liwe la nguo zake tupu, usichanganye na kitambaa kingine."

"Na ndani nijaze nini? Bila kitu cha katikati halitakuwa na joto."

"Humo mna sweta zake na kanga zake. Tumia hizo. Na waitu, tafadhali Adventina, usinipotezee chochote chake. Hiki ndicho nilichobakiwa nacho."

"Hata kifungo hakitapotea," Adventina aliahidi, na aliahidi kwa moyo wake wote.

Mgeni alipoondoka, alihangaika na yale mafundo hadi yakafunguka. Nguo zilikuwa chafu. Kola zilikuwa zimeshika mafuta ya nywele, kanga zilinuka moshi wa jikoni, na blauzi ya kazi ilikuwa bado na jasho la kuchuma kahawa. Adventina alimwonea huruma. Maskini mama wa watu, aliwaza, msiba umemmaliza nguvu hata za kufua. Basi alichota maji, akafua kila kitu kwa mkono wake, akasuuza hadi maji yakatoka meupe, akarudia tena kola zile kwa sabuni ya kipande. Hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Kwake ilikuwa namna ya kumsaidia rafiki kulia.

Kisha akashona kama hajawahi kushona. Gauni la kanisani, la njano, aliliweka katikati, akalizungushia vipande vya rangi iliyopoa ili ling'ae. Mfuko wa blauzi aliuacha mzima. Vifungo vyote alivipanga pembeni, na vipande vilivyobaki, hata vile vya upana wa kidole, alivisukuma ndani pamoja na sweta na kanga. Sakafuni hakukubaki uzi. Alipolikunja alijisikia ametimiza ahadi, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alitamani Placidia aje upesi.

Placidia alikuja. Alilitandaza magotini, akapitisha mkono juu ya gauni la njano, akatabasamu kidogo. Halafu akainama, akaufukia uso wake mle. Adventina aligeukia dirishani ili amwachie nafasi ya kulia.

Lakini hakusikia kilio. Alipogeuka alimwona Placidia amehamia kwenye kanga, kisha kwenye kola, kisha kwenye ule mfuko, akivuta pumzi kila mahali, akivuta na kuvuta, hadi alipofika pindo la mwisho. Hapo Adventina akaelewa.

"Umezifua," Placidia alisema.

"Nilizifua. Mimi huwa... Nisamehe, ndugu yangu. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kwamba kila jioni nafungua mfuko namnusa mwanangu, halafu nafunga upesi asiishe? Ungesema nimechanganyikiwa."

Adventina alilia yeye. Placidia hakulia. Alilikunja blanketi taratibu, upande kwa upande, akasema kazi ni nzuri, na alimaanisha. Adventina akamshika mkono, akamwomba tena msamaha.

"Usijilaumu," Placidia alisema. "Alikuwa bado yupo, Adventina. Mimi mwenyewe ndiye niliyembeba nikamleta hapa."