Geti la Nyota Halipigiwi Hodi

Juzi, kwenye kibanda cha kuuza sizoni za tamthilia za nje hapa Iringa mjini, nilimkuta mzee mmoja ameshika flashi kama mtu anayerudisha nyama iliyooza buchani. Mkewe alikuwa kando yake, amejitanda kitenge kwa baridi.

"Binti yangu, futa hii sizoni ya geti la nyota," mzee alimwambia muuzaji. "Watu wanapita kwenye geti, wanatokea sayari ya wenyewe. Hawapigi hodi, hawasalimii. Wakirushiwa mishale wanashangaa."

Muuzaji alinyoosha mkono. Yule mama akauzuia taratibu, maana yeye alikuwa bado anaifuatilia.

"Na wewe ulipokuja kwetu Kalenga mara ya kwanza, ulipiga hodi?"

Mzee akatazama viatu vyake. "Geti lilikuwa wazi."

"Baba alikuwa uani ananoa panga. Ukamwambia umetoka mbali, Mwanjelwa, umepotea njia."

"Nilikuwa nimepotea kweli."

"Na mpaka leo hujaiona njia ya kurudi?"

Mzee akakohoa, akampa muuzaji flashi. "Usifute. Weka na inayofuata."

Mimi bado niko upande wa mzee: hodi ipigwe, hata angani. Ila nilipowaona wanavuka barabara, mama amemshika mkono asije akapotea tena, nikaelewa kwa nini wengine wakishavuka geti hawarudi kwao.