Chai ya Birika la Umeme

Nimesoma hadi sekondari, lakini kuchemsha maziwa hawakutufundisha. Jumamosi iliyopita baba mkwe alikuja kutoka Molo kwa mara ya kwanza, aone kama binti yake ameolewa na mtu wa maana. Nikamwambia mke wangu aachane na makaa. Chai ningepika mwenyewe, kwa birika letu jipya la umeme.

"Hilo si la maji tu?" Wanjiru akauliza.

"Wewe kaa na mzee."

Nikatia maji, majani, sukari na maziwa niliyoyakuta jikoni, vyote pamoja, kama tupikavyo kwenye sufuria. Birika likatapika povu mezani, kisha likaanza kunuka. Kilichobaki nikakimimina vikombeni, nikakipeleka nikitabasamu.

Mzee akaonja. Akaonja tena.

"Chai imeungua, kijana wangu."

Ningesema kweli hapo, tungecheka yakaisha.

"Ni maziwa, baba. Siku hizi tunauziwa maziwa mabaya sana."

Wanjiru akainamisha kichwa. Mzee akaweka kikombe chini polepole.

"Hayo nimekuja nayo mimi. Nimeyakamua leo asubuhi."