Chumvi ya Mawe na Shingo ya Dada

Niliporudi Kibakwe kutoka Mtera, ambako nilikuwa nikinunua samaki wa kupeleka mjini, dada yangu alinipokea akiwa amezungushia kitenge shingoni. Jua lilikuwa kali, na mtu hafungi shingo kwenye jua lile bila sababu. Nilimwamkia, akaitikia, akanitengea maji ya kuoga, akauliza habari za huko nilikotoka. Kitenge hakukitoa mpaka tulipokaa kula.

"Angalia," akasema. "Halafu uniambie kama huu ni unene."

Haukuwa unene. Chini ya koromeo palikuwa na uvimbe uliopanda na kushuka kila alipomeza. Rovu. Mama yetu alikuwa nalo, na bibi pia. Lakini wao walikula chumvi iliyokwanguliwa mbugani. Dada miaka yote amenunua ya dukani, ile inayosifiwa kuwa na madini joto, yaani iodini, ambayo mwili ukiikosa tezi ya shingo huvimba.

"Yule bwana wa Kondoa mwenye duka ananiuzia mchanga mweupe," alisema. "Kiroba kina maandishi, sawa. Nani aliona kikijazwa?"

Nami nilimshuku mwenye duka hata kabla sijamaliza kutafuna. Mtu aliyezoea biashara ya samaki anajua mzigo unavyoweza kubadilishwa njiani. Chumvi ile ni ya mawe, inachotwa kwa kopo kutoka kwenye kiroba kilicho wazi. Kiroba chaweza kuwa cha kiwanda na chumvi ikawa ya popote.

Nilikuwa na njia ya kumkamata. Sikuvuka kidato cha nne, lakini somo la halojeni sikulisahau, kwa sababu ya rangi zake. Klorini ya kijani iliyofifia, iliyotufanya tukohoe na kukimbilia madirishani. Bromini nyekundu iliyoiva. Iodini, vipande vyeusi vya kung'aa ambavyo mwalimu alivipasha moto vikawa moshi wa zambarau. Florini hatukuonyeshwa, mwalimu alisema ni kali mno, shule haina chombo cha kuifuga. Na nilikumbuka kwamba iodini ikigusa wanga, wanga hugeuka bluu nyeusi.

Basi nilichukua kiporo cha ugali nikakigawa. Upande mmoja nilidondoshea iodini ya kupaka vidonda. Ukawa mweusi kama masizi, dada akarudi nyuma. Upande wa pili nikanyunyizia chumvi ya dukani na maji kidogo. Tukangoja. Ugali ukabaki ugali.

"Umeona?" nikasema.

"Mimi niliona zamani. Wewe ndiyo umeona leo."

Tulikwenda dukani pamoja. Mwenye duka alitusikiliza huku akifuta kaunta ambayo haikuwa na vumbi.

"Kwa hiyo umenipima kwa ugali," akaniambia.

"Kwa ugali."

"Na samaki wako wa Mtera, nao niwapime kwa nini? Kwa wali?" Watu waliokuwa wakinunua mafuta ya taa wakacheka. Kisha akageuka kwa dada, sauti ikashuka. "Mama, umekuwa mteja wangu tangu nimefika hapa. Zahanati wana kichupa cha kupimia chumvi. Chota mwenyewe kutoka kwenye kiroba. Na ile ya nyumbani kwako ulete pia, usije ukasema nimekuchagulia."

Hilo la mwisho lilinitia shaka zaidi. Mwizi naye hujifanya ana haraka ya kupekuliwa. Hata hivyo dada alichota, tukapitia nyumbani kuchukua kopo lake la chumvi, tukaenda zahanati, na mwenye duka akafunga akatufuata.

Muuguzi alidondoshea tone kwenye chumvi ya kiroba. Ikageuka bluu palepale. Akadondoshea ile ya kopo la dada. Haikubadilika. Akaongeza tone, bado nyeupe.

"Hii ulinunua wapi?" muuguzi akauliza.

"Hapohapo," dada akasema. "Kiroba kilekile. Hiyo nimeshaiosha tu."

Nyumbani kwetu chumvi ya mawe huoshwa. Unaitia kwenye bakuli, unaisuuza haraka, maji yanamwagwa na uchafu wake, kisha inaanikwa. Mama alifanya hivyo kwa chumvi ya mbugani, yenye udongo, na dada akaendelea kwa chumvi ya kiwandani. Iodini iko juu ya punje. Ilikuwa ikienda na maji.

Hapo ndipo nusu nyingine ya somo iliponirudia. Iodini iliyofungwa ndani ya chumvi haigusi wanga mpaka kitu kingine kije kuifungua. Mwalimu alitumia klorini kuifukuza ndipo rangi ikatokea. Kichupa cha muuguzi kilikuwa na dawa ya kuifungua na wanga humohumo. Ugali wangu usingeonyesha kitu hata kwa chumvi bora kuliko zote.

Nilimwomba mwenye duka radhi. Akasema yamekwisha, ila hakunitazama.

Muuguzi alimwambia dada aache kuosha, na aende hospitali ya wilaya wakaangalie uvimbe, kwani chumvi peke yake huenda isiupunguze.

Njiani dada alitembea mbele. "Hicho kichupa nacho kimeletwa na nani?" akauliza. Baadaye kidogo: "Sitaiosha wewe ukiwepo. Ukishaondoka, nani atajua?"

Lori la samaki lilikuwa linaningoja Mtera. Nilimtazama mgongo nikashuku kwamba hazungumzii chumvi, kwamba ameona njia ya kunizuia nisiondoke na anaitumia. Sikuwa na uhakika. Uvimbe ulikuwa wa kweli. Tulipofika nilisimama uani nikampigia dereva, nikamwambia apakie bila mimi.

"Unaongea na nani?" dada akauliza kutoka jikoni.

Nikamwambia. Akasema asubuhi tutakwenda wote hospitali, na nivae viatu vingine, hivyo vinanuka perege.