Namba ya Njau Ubavuni mwa Boti

Njau wa Gatongora amechomelea mageti na matangi ya maji miaka kumi na tisa bila kujitangaza popote. Akimaliza kazi huandika juu yake jina na namba ya simu kwa rangi nyekundu, akaiacha ikauke siku tatu, basi. Nusu ya Ruiru humpata kupitia geti la jirani.

Mwas naye alimpata hivyo hivyo. Mwas, kijana wa Membley mwenye kampuni ya miezi minne, alikuwa anaunda boti ya ulinzi wa bahari, isiyo na nahodha, inayojiendesha yenyewe. Kwamba kutoka Ruiru hadi baharini ni safari ya kutwa halikuwa jambo la kumsumbua mtu mwenye maono.

"Wazungu wangechukua miaka kumi," alimwambia Njau. "Sisi, wiki sita."

"Na maji yameambiwa?"

Njau akachomelea. Kila kiungo alikipaka chokaa upande mmoja na mafuta ya taa upande wa pili, akaketi kungoja aone kama doa la mafuta litapenya, maana papitapo mafuta na maji hupita. Mwas alizungukazunguka akitazama saa. Doa halikupenya. Njau akaandika namba yake ubavuni.

Mwas aliiona asubuhi ya siku ya kuwaonyesha boti wenye pesa.

"Mzee, hii ni kitu ya siri ya jeshi. Hatuwezi kuiandika namba kama geti ya kanisa."

"Geti ya kanisa bado imesimama, boss."

Ikapakwa rangi ya kijivu, na kabla haijakauka boti ikawa juu ya lori. Njau akaifunga kwa kamba, akapanda nayo. Kazi yake bora kuliko zote ilikuwa inakwenda kwa watu bila jina la baba.

Kwenye bwawa la shamba moja la kahawa walimkuta Madam Kanini, aliyetumwa kuamua kama mradi utapewa pesa. Aliuliza ni nani aliyeunda mwili wa boti.

"Timu yetu ya mainjinia," Mwas akasema.

Timu hiyo ya mtu mmoja ilikuwa imesimama hatua tatu nyuma yao, imeshika kamba, inatazama bata.

Boti ikaondoka kwa madaha, ikazunguka bwawa mara moja kama ilivyopangwa. Kisha mara ya pili. Ya tano. Ya ishirini. Vijana wa Mwas walibonyeza kompyuta hadi vidole vikachoka. Boti ilikuwa imejitegemea kupita walivyokusudia.

"Hii itazama saa ngapi?" Mwas akanong'ona, kwa matumaini.

"Haizami," Njau akasema. "Pole."

Iliyotii ni rangi ya kijivu peke yake. Kila mzunguko maji yaliibandua kipande, mpaka namba nyekundu ikabaki wazi, tarakimu zote kumi. Madam Kanini aliisoma ikipita, akaithibitisha ilipopita tena, akatoa simu akapiga. Katika chombo kizima, hayo ndiyo mawasiliano pekee yaliyofanya kazi.

Simu ikalia hatua tatu nyuma yake.

"Njau Welding, Gatongora," Njau akajibu, maana ndivyo hujibu.

Madam akageuka polepole, simu ingali sikioni. "Na matangi unatengeneza?"

"Ya lita ngapi, madam?"