Yai la Kijani Kutoka Ndabibi

Nilipokuwa mtoto, kule Dundori, kazi ya kwanza niliyokabidhiwa na watu wazima ilikuwa kuokota mayai, na sijui kama nimewahi kuwa na cheo kilichonipa fahari kama kile. Tuliishi kwa shosho, mama ya baba yangu, kwenye shamba la viazi lililoteremka mpaka kwenye ua wa miti ya saiprasi. Kuku hawakuwa wengi, lakini kila mmoja alikuwa na tabia zake. Ungenionyesha yai, ningekuambia ni la nani.

Kulikuwa na mweupe wa gredi, kuku wa kisasa, mwenye kilemba kilichoangukia jicho moja. Huyo alitaga mayai meupe pe, karibu kila siku, popote haja ilipomkuta: kwenye karai, kwenye gunia, mara moja ndani ya gamboti ya baba, kiatu chake cha mvua. Akishataga, aliondoka bila kugeuka nyuma. Hakuwahi kuatamia. Shosho alisema huyo ni kama mtu wa ofisi, anafanya kazi na kwenda zake. Kulikuwa na mwekundu mkubwa, ambaye mayai yake yalikuwa ya kahawia kama chai iliyokolea majani, mengine yana madoa. Huyu hakuwa na haraka, na baridi ya Julai ikiingia aliacha kabisa. Halafu wale wa kienyeji, akiwemo kishingo asiye na manyoya shingoni, ambao mayai yao yalikuwa madogo, ya rangi ya krimu. Walitaga mkupuo mmoja tu, kisha wakakaa juu yake wamevimba kwa hasira, na mkono wa mtu waliudonoa bila kuuliza ni wa nani.

Ankol Karanja, mdogo wake baba, alipooa, mke wake alikuja na kuku. Anti Nyambura alitoka Ndabibi, ng'ambo ya Ziwa Naivasha, na mamake alimpa tetea wa kijivu mwenye ndevu mashavuni, aanze naye maisha. Alifika amemtia ndani ya kiondo, kichwa kikichungulia nje. Anti alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kucheka akiwa amefunika mdomo kwa kiganja. Kuku yule alipoanza kutaga, anti mwenyewe alikuwa na mimba, na kila mtu alijua ingawa hakuna aliyeitaja.

Asubuhi moja nikakuta kwenye kiota karibu na jiko yai la rangi ya kijani iliyofifia, kama maji yaliyochemshiwa sukuma wiki. Lilikuwa bado na joto. Nililinusa, nikidhani limeoza. Halikuwa na harufu. Nikampelekea shosho, aliyekuwa akimenya viazi kwenye kigoda chake. Hakulipokea.

"Hiyo umetoa wapi?"

"Ni ya kuku ya anti."

"Iweke chini. Polepole."

Niliweka. Shosho akaliangalia kwa muda, kisu kikiwa kimesimama juu ya kiazi.

"Hiyo ni yai ya nyoka," akasema. "Nyoka akilala na kuku, anataga hivyo. Na mahali hiyo yai iko, nyoka hayuko mbali. Anakuja kuangalia mtoto wake."

Anti alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na karai la vyombo. "Mama," akasema, "mama yake huyu kuku alikuwa anataga hivi hivi. Kwetu tumezikula tangu nikiwa mdogo."

"Kwenu," shosho akajibu, akarudi kwenye viazi vyake.

Lilikuwa neno moja tu, lakini lilikaa pale uani wiki nyingi. Shosho alitaka kuku yule achinjwe kabla mimba haijakua. Alisema mwenye mimba hakai na kitu kama kile. Anti, ambaye alikubali kila jambo, hilo alilikataa. Hakupandisha sauti. Alisema kuku ni zawadi ya mamake, na anayetaka kumchinja aende Ndabibi akaombe ruhusa. Baba akakumbuka kwamba ng'ombe hajapewa maji. Ankol Karanja, aliyekuwa akipeleka viazi soko la Nakuru, akaanza kupata sababu za kuchelewa kurudi.

Anti aliyapika mayai yale nyumbani kwake, nami nikala naye. Nilitarajia kiini cha kijani. Kilikuwa cha njano kama vingine vyote, na nakumbuka nilisikitika kidogo. Shosho alipojua, aliniambia nisukutue mdomo, kisha akakata tawi la mplamu, akalichonga na kunipa.

"Usitie mkono kwenye kiota kabla ya kutia fimbo," alisema. "Kiota chochote. Hata kama unaona kuku mwenyewe."

Basi nikatembea na fimbo yangu. Lakini hapo ndipo tulipokosea sisi sote. Kuku wa aina ile akiona kiota chake kinamalizwa kila siku, anahama. Ndiyo maana watu huacha yai moja ndani, kumtuliza. Nasi, kwa kuwa shosho hakutaka hata moja libaki karibu na jiko, tuliyaondoa yote. Kuku wa kijivu akaanza kupotea asubuhi na kurudi mchana akiwa mwepesi.

Anti alinichukua tumtafute. Alinifundisha kwamba kuku mjanja hatetei kiotani. Akishataga, hutembea mbali kwanza, ndipo apige kelele, ili anayesikia atafute mahali pasipo. Kwa hiyo inabidi umfuate akienda, usifuate sauti. Tulikaa juu ya madebe yaliyopinduliwa tukijifanya tunachambua maharagwe, na yule kuku naye akijifanya anakula majani, hatua hapa, hatua pale, mpaka akapotelea nyuma ya stoo ya viazi. Huko kulikuwa na mabati ya zamani yaliyoegemezwa kwenye ua. Tulimsubiri atoke, kisha tukaenda.

Tumbo la anti lilikuwa limeshakuwa kubwa, hakuweza kuinama. Nikapiga magoti mimi. Ndani kulikuwa na giza, lakini niliyaona mayai, rundo la kijani kwenye majani makavu, na nikafurahi kama aliyeokota hazina. Fimbo ilikuwa mkononi. Niliona haya kuitumia mbele ya anti. Hata mtoto alijua kwamba kutia fimbo pale ni kukubali maneno ya shosho, kwamba kuku wake ni wa nyoka. Nikaiweka chini.

"Tumia fimbo," anti akasema nyuma yangu.

Nikamgeukia.

"Shosho yako alisema utumie. Tumia."

Niliitia. Ilipita juu ya mayai ikagusa kitu kilaini, na kile kitu kikajivuta.

Anti alinishika sweta mgongoni akanirusha nyuma, tukaanguka wote wawili kwenye matope. Nyoka akatoka chini ya mabati, mnene, rangi ya udongo, bila haraka yoyote, akapenya kwenye ua na kuingia kwenye viazi. Shosho alisikia mabati yakilia. Alikuja na jembe, lakini hakumfuata nyoka. Alilitupa jembe, akaishika mikono yangu, akaipekua kidole kwa kidole, akiigeuza juu na chini. Kisha akampekua anti miguu. Aliporidhika, akakaa pale pale chini.

Nilingoja aseme, "Si niliwaambia."

"Tulikuwa wawili," alisema baadaye. "Mimi na Wairimu. Ye ndiye alikuwa mdogo. Baba alikuwa anafanya kazi kwa mzungu, hapo chini, na sisi tunaokota mayai. Akatia mkono chini ya ghala. Jioni haikufika akiwa hai."

Sikuwahi kusikia jina hilo. Baadaye nilijua kwamba hata baba hakuwahi kulisikia.

Anti akauliza, kwa sauti ya chini sana, "Na yai ilikuwa ya kijani, Mama?"

Shosho alifikiri. "Sikuiona. Mama yetu ndiye alisema, siku zikiwa zimepita. Labda alitaka kuwe na alama. Nyoka hana alama."

Anti alishuka taratibu, tumbo na yote, akakaa kando yake kwenye matope. "Tumtengenezee kuku sanduku la kutagia," akasema. "Juu. Mahali unaweza kuona."

"Juu kabisa," akasema shosho.

Baba alilipigilia ukutani mwa jiko, na kuku wa kijivu akalikubali, kwa kuwa safari hii tulimwachia yai moja. Kile kipande cha viazi kilivunwa na watu waliovaa gamboti, wakipiga kelele bila sababu. Anti alijifungua msichana, naye akaitwa jina la shosho kama ilivyo desturi yetu. Shosho ndiye aliyempikia anti siku zile. Kwenye majivu niliona maganda meupe, ya kahawia na ya kijani yamechanganyika. Shosho mwenyewe hakuyala mayai ya kijani mpaka mwisho wa maisha yake. Alisema hapendi ladha yake, ingawa hakuwahi kuionja.

Siku hizi naishi Kiamunyi, nami nina kuku nyuma ya nyumba, na mmoja wao anataga kijani. Nimejifunza kwamba rangi ya kahawia hupakwa juu ya ganda mwishoni, yai likikaribia kutoka, lakini ile ya samawati hupenya ganda lote. Zikikutana, unaona kijani. Ukilivunja, ndani ya ganda utakuta samawati. Ni ukoo wa kuku tu. Binti yangu aliponiuliza juzi, nilimweleza hayo, akaridhika kwa dakika moja akataka kwenda kucheza.

Mimi sikuridhika. Nikamrudisha nikamsimulia habari ya yai la nyoka na ya Wairimu. Shamba lile lilishagawanywa, na kaburi lake hakuna anayelijua. Zamani nilidhani ile imani ilikuwa ujinga uliobahatika mara moja. Sasa naona kuna mama mmoja ambaye hakuweza kumsema mtoto wake aliyekufa, akasema yai, na yai likatembea miaka yote ile mpaka likaufikia mkono wangu kwa wakati.

Binti yangu akauliza Wairimu alikuwa mtoto wa namna gani. Sikujua. Tukampigia simu anti Nyambura, aliyekaa na shosho jioni nyingi za uzee wake.

"Wairimu?" anti akasema, kana kwamba tumemuuliza habari za jirani. "Alikuwa anaimba akienda kuteka maji. Shosho alisema ukimsikia, unajua chai iko karibu."