Pete Nne za Kukwepa Kipigo

Jamani, juzi nimejiaibisha hapa Mlandizi. Kwenye gemu letu la mtandaoni nilikusanya pete nne, kila moja ina nafasi ya robo ya kukwepesha kipigo. Nikapiga hesabu: robo nne ni nzima, basi sipigiki! Nikawatangazia wenzangu kwenye maiki ya simu: "Ukapteni wangu leo. Zimwi naliendea bila ngao."

Juma, aliyekuwa kwao Kisarawe, akanionya: "We bwege, kila pete inabahatisha kivyake. Zote nne zinaweza kugoma."

"Kalale!" nikamjibu.

Rungu moja tu la zimwi, chali. Nikapiga yowe: "Mama, nakufa!"

Mama akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi. "Nani anakuua, baba?"

Simu ikajibu kwa sauti ya Juma: "Shikamoo, mama. Ni hesabu."